Fahamu Usanidi wa Fremu Rilei katika Ruta na Sababu za Huduma Kukatika Laini Ikiwa Nzima

Mwananchi anayefika katika ofisi ya umma na kuambiwa kwamba "mtandao hakuna" hupewa jibu fupi kwa jambo lenye sababu nyingi. Huenda waya umekatika njiani, au umeme umezimika katika kituo cha mtoa huduma za mawasiliano. Huenda pia kila kifaa ni kizima, lakini namba moja iliyoandikwa ndani ya ruta hailingani na namba iliyotolewa na mtoa huduma. Sababu hii ya mwisho haionekani kwa macho, na mara nyingi ndiyo inayochukua muda mrefu zaidi kutambuliwa.

Teknolojia ya fremu rilei inalionesha jambo hilo kwa uwazi. Kwa miaka mingi teknolojia hii iliunganisha makao makuu ya taasisi na matawi yake katika nchi mbalimbali, na misingi yake imebaki katika mitandao ya sasa. Makala haya yanaeleza namna inavyofanya kazi, hatua za kuisanidi katika ruta, na namna ya kutambua hitilafu. Msingi wa maelezo yote ni mmoja: kiungo cha fremu rilei ni makubaliano ya pande tatu, yaani makao makuu, tawi na mtoa huduma. Ruta ni mahali ambapo makubaliano hayo huandikwa, na huduma husimama pale upande mmoja unapoandika tofauti na wenzake.

Chimbuko lake

Kabla ya fremu rilei, taasisi iliyotaka kuunganisha ofisi zake ilikuwa na njia kuu mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kukodi laini maalumu kutoka ofisi moja hadi nyingine, ambayo ililipiwa usiku na mchana hata pale isipotumika. Njia ya pili ilikuwa kutumia mitandao ya X.25, ambayo viwango vyake vilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1976. Mitandao hiyo ilibuniwa wakati laini za simu zilipokuwa na makosa mengi. Kwa hiyo kila kituo cha njiani kilihakiki data na kuomba irudiwe iwapo imeharibika. Usahihi ulipatikana, lakini mwendo ulikuwa wa polepole.

Ubora wa laini ulipoongezeka, hasa baada ya kuenea kwa nyaya za faiba, uhakiki huo wa kila kituo ulionekana kuwa mzigo. Fremu rilei ikauondoa. Swichi ya njiani inapopokea fremu iliyoharibika huitupa tu, na kazi ya kutambua upungufu huo na kuomba data itumwe upya huachiwa kompyuta zilizo mwanzoni na mwishoni mwa safari. Mwaka 1990 kampuni nne, yaani Cisco, Digital Equipment, Northern Telecom na StrataCom, ziliandaa kwa pamoja nyongeza za kiufundi zilizorahisisha usimamizi wa viungo hivyo, na teknolojia hiyo ikaenea kwa kasi katika muongo uliofuata.

Namna inavyofanya kazi

Katika fremu rilei, kila ofisi hukodi laini moja tu, fupi, kutoka ofisini hadi kwenye swichi ya mtoa huduma iliyo karibu. Ndani ya laini hiyo moja hupitishwa saketi pepe kadhaa, kila moja ikielekea ofisi tofauti. Saketi hizo huitwa pepe kwa sababu hakuna waya wa pekee uliotandazwa kwa ajili yake. Ni njia iliyopangwa ndani ya mitambo ya mtoa huduma. Ile iliyopangwa mara moja na kubaki wazi wakati wote huitwa saketi pepe ya kudumu, kwa kifupi PVC.

Ili ruta ijue fremu ipite katika saketi ipi, kila saketi hupewa namba iitwayo DLCI. Namba hii ina biti kumi na hukaa katika kichwa cha fremu. Namba zinazotengwa kwa wateja kwa kawaida huanzia 16, na nyingine huhifadhiwa kwa shughuli za mtandao wenyewe.

Jambo linalowachanganya mafundi wengi ni kwamba DLCI ina maana katika laini moja tu, yaani kati ya ruta na swichi iliyo jirani nayo. Hali hiyo inafanana na namba ya sanduku la posta: S.L.P. 20 ya Mwanza si S.L.P. 20 ya Dodoma, ingawa namba ni ileile. Vivyo hivyo, saketi moja inaweza kujulikana kwa namba 102 upande wa makao makuu na kwa namba 201 upande wa tawi, na mtoa huduma ndiye anayezioanisha ndani ya swichi zake. Fundi anayeandika katika tawi namba aliyoiona makao makuu atakuwa ameandika namba halisi mahali pasipo pake.

Aidha, ruta na swichi huwasiliana kwa itifaki ya usimamizi iitwayo LMI. Kwa kawaida, kila baada ya sekunde 10 ruta huiuliza swichi iwapo ipo hai, na katika kila swali la sita huomba orodha kamili ya saketi zilizopo pamoja na hali zake. Kuna aina tatu za LMI, nazo ni ile ya Cisco, ya ANSI na ya Q.933a. Ni lazima ruta na swichi zitumie aina moja.

Hatua za usanidi

Kabla ya kugusa ruta, fundi anapaswa kuwa na hati ya mtoa huduma inayoonesha mambo matano: kasi ya laini, aina ya LMI, namba ya DLCI kwa kila upande, kiwango cha kasi kilichohakikishwa, na ofisi ambayo kila saketi inaelekea. Bila hati hiyo, usanidi hugeuka kuwa kazi ya kubahatisha.

Mfano ufuatao wa kufundishia unahusu taasisi yenye makao makuu Dodoma na tawi Mwanza, ikitumia ruta za Cisco. Amri huandikwa kama zilivyo kwa sababu ruta haipokei maneno mengine.

Hatua ya kwanza ni kuandaa kiolesura ambacho laini ya mtoa huduma imechomekwa:

interface serial 0/0
no ip address
encapsulation frame-relay ietf
frame-relay lmi-type ansi
no shutdown

Mstari wa pili unakiacha kiolesura hicho bila anwani ya IP, kwa kuwa anwani zitawekwa katika matawi yake. Mstari wa tatu unaamua namna data itakavyofungashwa. Ruta za Cisco zina mfungasho wao wenyewe, ambao hutumika iwapo neno "ietf" halikuandikwa. Pale ambapo ruta ya upande wa pili ni ya mtengenezaji mwingine, mfungasho wa IETF ndio unaoeleweka na pande zote. Mstari wa nne unataja aina ya LMI. Ruta zenye programu ya IOS toleo la 11.2 na kuendelea zinaweza kuitambua aina hiyo zenyewe, lakini kuitaja kwa maandishi huacha kumbukumbu kwa fundi atakayekuja baadaye.

Hatua ya pili ni kuunda kiolesura-tawi kwa ajili ya saketi ya Mwanza:

interface serial 0/0.102 point-to-point
ip address 10.10.1.1 255.255.255.252
bandwidth 64
frame-relay interface-dlci 102

Namba 102 iliyo baada ya nukta ni jina tu la kiolesura-tawi, na fundi anaweza kuchagua nyingine. Hata hivyo, ni desturi nzuri kuilinganisha na DLCI ili msomaji wa usanidi asipotee. Amri ya "bandwidth" nayo hueleweka vibaya mara kwa mara. Haiongezi wala haipunguzi kasi ya laini; inazijulisha tu itifaki zinazochagua njia kwamba kiungo hiki kina uwezo gani. Isipoandikwa, ruta huchukulia kwamba laini ina kilobiti 1,544 kwa sekunde, na huenda ikaipendelea njia nyembamba ikidhani ni pana.

Hatua ya tatu hufanyika Mwanza, ambako kiolesura kikuu huandaliwa kwa namna ileile, kisha kiolesura-tawi hupewa anwani 10.10.1.2 na DLCI 201.

Hatua ya nne ni kuhifadhi kazi kwa amri ya "copy running-config startup-config". Fundi akiisahau, kiungo kitaendelea kufanya kazi vizuri hadi siku umeme utakapokatika. Ruta ikiwaka tena itarejea katika usanidi wa zamani, na ofisi itakosa huduma bila mtu yeyote kuwa amebadilisha kitu siku hiyo.

Nyota au utando

Taasisi yenye ofisi nyingi hulazimika kuamua namna ya kuziunganisha. Chukulia makao makuu pamoja na ofisi moja katika kila mkoa kati ya mikoa 26 ya Tanzania Bara, yaani ofisi 27. Iwapo kila ofisi itaunganishwa moja kwa moja na kila nyingine, zitahitajika saketi 351. Iwapo kila mkoa utaunganishwa na makao makuu pekee kwa umbo la nyota, zitatosha saketi 26. Kwa kuwa kila saketi hulipiwa, taasisi nyingi zilichagua nyota.

Uamuzi huo una gharama zake. Mawasiliano kati ya mkoa na mkoa hupitia makao makuu, na ruta ya makao makuu ikizimika, mikoa yote hukosa huduma kwa wakati mmoja. Vilevile, kuna kanuni inayoizuia ruta kurudisha taarifa ya njia kupitia kiolesura kilekile ilikoipokelea, ili taarifa zisizunguke bila mwisho. Saketi zote zikiwekwa chini ya kiolesura kimoja cha pamoja na kanuni hiyo ikiwa inatumika, taarifa za njia kutoka Mwanza hazitafika Mbeya, kwa sababu kwa mtazamo wa ruta zimeingia na zinataka kutoka kwa mlango uleule. Kiolesura-tawi kwa kila saketi huondoa tatizo hilo, kwani kila mkoa hupata mlango wake. Ndiyo sababu mfano uliotolewa hapo juu umetumia mtindo huo.

Kasi iliyohakikishwa na kasi inayotarajiwa

Mkataba wa fremu rilei hutaja kasi mbili. Ya kwanza ni kasi ya laini yenyewe, kwa mfano kilobiti 128 kwa sekunde. Ya pili ni CIR, yaani kasi ambayo mtoa huduma ameahidi kuibeba, kwa mfano kilobiti 64. Ofisi inaruhusiwa kutuma zaidi ya CIR pale mtandao unapokuwa na nafasi. Hata hivyo, fremu za ziada huwekewa alama iitwayo DE, na msongamano unapotokea ndizo zinazotupwa kwanza.

Swichi pia hutoa tahadhari. Fremu zinazopita katika eneo lenye msongamano huwekewa alama ya FECN ili kumjulisha mpokeaji, na zile zinazorudi kwa mtumaji huwekewa alama ya BECN ili apunguze mwendo. Ruta ambayo haikusanidiwa kuzingatia alama ya BECN itaendelea kutuma kwa kasi ileile, na data itaendelea kutupwa.

Hesabu ya makao makuu inahitaji uangalifu wa pekee. Katika mfano wa mikoa 26, CIR ya kilobiti 64 kwa kila mkoa inafanya jumla ya kilobiti 1,664 kwa sekunde, kiasi ambacho laini ya E1 yenye kilobiti 2,048 inaweza kukibeba. Mikoa yote ikituma kwa kasi ya juu ya kilobiti 128 kwa wakati mmoja, jumla hufikia kilobiti 3,328, na laini ya makao makuu huzidiwa. Mtumiaji wa mkoani ataona huduma nzito asubuhi, wakati ofisi zote zinapofunguliwa, ingawa laini ya mkoani kwake haina kasoro yoyote.

Kutambua hitilafu

Laini inapowaka taa na huduma ikawa haipo, uchunguzi hufuata mpangilio kutoka karibu kwenda mbali.

Kwanza, amri ya "show frame-relay lmi" huonesha idadi ya maswali ambayo ruta imeyatuma na majibu iliyoyapokea. Maswali yakiongezeka bila majibu, tatizo lipo kati ya ruta na swichi ya kwanza. Mara nyingi ni waya, au aina ya LMI isiyolingana.

Pili, amri ya "show frame-relay pvc" hutaja hali ya kila saketi. Hali ya "active" humaanisha kwamba njia nzima ipo wazi hadi upande wa pili. Hali ya "inactive" humaanisha kwamba swichi inaitambua saketi, ila upande wa mbali haupo tayari. Hapo simu ipigwe kwa ofisi ya tawi kabla ya kumlaumu mtoa huduma wa karibu. Hali ya "deleted" humaanisha kwamba swichi haiifahamu namba iliyoandikwa katika ruta. Namba hiyo imekosewa, au mtoa huduma ameiondoa saketi.

Tatu, saketi ikiwa "active" na data bado haipiti, amri ya "show frame-relay map" huonesha DLCI ipi imeoanishwa na kiolesura-tawi kipi au na anwani ipi. Hapo hubainika namba zilizopishanishwa. Kosa hili lina hatari yake, kwani saketi zote mbili huonekana nzima huku kila moja ikielekea ofisi isiyokusudiwa. Anwani za IP na mfungasho wa pande mbili navyo hukaguliwa katika hatua hii.

Ikumbukwe pia kwamba fremu rilei hutenganisha data za wateja bila kuzificha. Data hupita katika mitambo ya mtoa huduma jinsi ilivyo. Kumbukumbu za wagonjwa, mishahara au kodi zinahitaji kusimbwa kabla ya kutoka ofisini, hata pale saketi inapoitwa ya binafsi.

Funzo la Aprili 1998

Usahihi wa usanidi hauwahusu wateja pekee. Jumatatu ya tarehe 13 Aprili 1998, mtandao wa fremu rilei wa kampuni ya AT&T nchini Marekani ulisimama, na haukurejea kikamilifu hadi siku iliyofuata. Benki na maduka yaliyoutegemea yalishindwa kuhakiki malipo ya kadi. Maelezo yaliyotolewa baadaye yalionesha kwamba chanzo kilikuwa kazi ya kuboresha programu ya kadi moja katika swichi moja. Kazi hiyo ilizalisha wingi wa ujumbe wa kiutawala uliozielemea swichi nyingine, nazo zikaelemea zilizofuata. Kampuni hiyo ilitangaza kwamba haitawatoza wateja wake huduma hiyo hadi chanzo kibainike na kurekebishwa.

Tukio hilo lilionesha mambo mawili. Mabadiliko madogo katika kifaa kimoja yanaweza kuangusha mtandao mzima iwapo hayakujaribiwa pembeni kwanza. Pia, mkataba mzuri na mtoa huduma mkubwa hauiondolei taasisi wajibu wa kuwa na njia ya akiba inayopita katika mitambo tofauti.

Nafasi yake leo

Watoa huduma wengi duniani wameiacha fremu rilei na kuhamia katika mitandao ya MPLS na Etheneti juu ya faiba. Katika Afrika Mashariki, mabadiliko makubwa yalikuja pale kebo ya baharini ya SEACOM ilipoanza kutoa huduma Julai 2009, ikifuatiwa na EASSy mwaka 2010, zote zikifika Dar es Salaam. Kipindi hichohicho ulianza ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano uliosambaza faiba mikoani. Kasi ya kilobiti 64, ambayo zamani ilitosha ofisi nzima, leo haimtoshi mtu mmoja mwenye simu.

Pamoja na hayo, mpangilio wa kazi haujabadilika. Mahali pa DLCI pamechukuliwa na namba ya VLAN. Mahali pa CIR pamechukuliwa na kiwango cha huduma kinachotajwa katika mkataba. Na umbo la nyota bado huamua ni ofisi ngapi zitakazokosa huduma pale kituo kimoja kinapozimika. Namba ya VLAN ikikosewa upande mmoja, taa ya kifaa itaendelea kuwaka na huduma haitakuwepo, kama ilivyokuwa zamani.

Kwa taasisi ya umma, jambo la kulinda ni kumbukumbu. Hati ya mtoa huduma, mchoro wa saketi na nakala ya usanidi wa kila ruta vinapaswa kuwekwa mahali panapofikika na zaidi ya mtumishi mmoja, kuandikwa tarehe ya kila badiliko, na kukabidhiwa kwa maandishi mtumishi anapohama kituo. Ofisi yenye kumbukumbu hizo huweza kumweleza mwananchi tatizo ni nini, lipo upande upi na nani analishughulikia.